Motakaa Inapotetemeka: Namna ya Kutafuta Chanzo

Habari yetu ya leo ni ya mtetemo. Si mtetemo wa ardhi wala wa homa, bali ule uanzao chini ya kiti cha dereva gari lifikapo mwendo fulani, ukazidi, kisha pengine ukatoweka mwendo ule ukipita. Kila mtu aliyepanda gari la mizigo kutoka Kasoli kwenda Bariadi anaujua, ila wengi hudhani ni tabia ya barabara. Ni kweli kwamba barabara mbovu hutikisa gari. Lakini mtikiso wa barabara hauna utaratibu: shimo hapa, jiwe pale. Mtetemo tunaousema leo una mapigo ya ulinganifu kama ngoma. Hutoka katika kitu kizungukacho, na kitu hicho chaweza kutambuliwa kabla ya kufungua nati hata moja. Hilo ndilo nitakalo kulieleza, maana kila siku watu hutoa fedha zao kununua vyuma vipya badala ya vyuma vizima, na ubovu wenyewe ukabaki pale pale.

Mfano wangu ni motakaa ambayo huenda wengi wenu hamkuiona kwa macho, nayo ni Datsun 240Z. Ni gari fupi, la chini, la watu wawili tu, lililotengenezwa Japani. Lilianza kuuzwa mwaka 1969, na la aina hiyo hasa liliachwa kutengenezwa mwaka 1973. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, nayo ni ya lita 2.4. Mtu aweza kuuliza, gari la kwenda mbio la Wajapani latuhusu nini sisi wakulima wa pamba? Latuhusu kwa kuwa sifa yake ilipatikana katika nchi zetu hizi, na kwa kuwa vyuma vilivyo chini ya tumbo lake ni ndugu wa vyuma vilivyo chini ya lori. Hata pikipiki ya magurudumu matatu ibebayo magunia sokoni, nyingi zake zina chuma kirefu kizungukacho kutoka injini hadi gurudumu la nyuma, kama gari hili lilivyo.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikimbia mchana na usiku kwa maelfu ya kilomita, katika vumbi na matope yale yale tuyajuayo. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na mwenziwe Hans Schüller ilikuwa ya kwanza, na ya pili ilikuwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye mwenyewe, pamoja na Lofty Drews, naye alishinda kwa namna ya ajabu: alama zake za makosa zilikuwa sawa kabisa na za Harry Källström wa Sweden, wakatazama nani alikwenda mbali zaidi bila ya kupata alama ya kosa, ikaonekana ni Mehta. Na tangu mwaka 2003 kumekuwako Safari nyingine, ya motakaa za zamani tu, na ndani yake 240Z zimeonekana tena, chuma cha zaidi ya miaka thelathini kikipigwa na mawe yale yale. Mwenye gari la namna hii hawezi kwenda dukani akanunua kila kitu. Hapana budi ajue kusikiliza.

Sasa natufuate nguvu ya injini tuone yapita wapi. Mwanafunzi aliyepata kushika plau anajua kwamba nguvu ya ng'ombe haifiki kwenye jembe ila kwa nira na mnyororo. Pingili moja ikikatika, ng'ombe huenda na jembe hubaki. Katika gari, injini huzungusha gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Hapo pana klachi, ambayo hushika na kuachia. Nyuma yake pana giaboksi. Kutoka giaboksi hutoka bomba refu la chuma lizungukalo chini ya sakafu, ambalo mafundi hulita propela. Propela huingia katika difu, yaani lile bonge la chuma la nyuma lenye meno ndani, ambalo hugeuza mzunguko upate kwenda kulia na kushoto. Na kutoka difu hutoka vyuma viwili vifupi, hafu shafti, vinavyozungusha magurudumu. Katika lori difu limefungwa pamoja na ekseli, vyote hupanda na kushuka na magurudumu. Katika Datsun hii difu limefungwa kwenye mwili wa gari, halipandi wala halishuki. Zipandazo na kushukazo ni hafu shafti tu. Tafadhali likumbuke jambo hilo, litatufaa baadaye.

Kitu kizungukacho hutetemeka kwa sababu gani? Jaribu mwenyewe. Pindua baiskeli, viti na usukani vikae chini, uzungushe gurudumu la nyuma kwa pedeli polepole, kisha upesi. Litakwenda vizuri. Sasa funga kijiwe kwenye spoki karibu na rimu, ukaze sana kisije kikaruka, na wenzako wasisimame mbele wala nyuma ya gurudumu. Zungusha tena. Polepole huoni kitu. Upesi, baiskeli nzima huruka kama punda aliyeumwa na inzi. Kijiwe hakikuongezeka uzito. Kilichoongezeka ni mwendo, na mvuto wa kitu kizungukacho haukui sawa na mwendo, bali mwendo ukiwa mara mbili mvuto huwa mara nne, na mwendo ukiwa mara tatu mvuto huwa mara tisa.

Na tupige hesabu ya jambo lililo karibu nasi. Udongo mweusi wa mbuga hunata. Wakati wa mvua huingia ndani ya rimu, ukakauka upande mmoja. Tuseme bonge la gramu 60, yaani uzito wa yai moja la kuku, limekauka ndani ya rimu ya inchi 14 kama ya Datsun hii. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa bonge hilo huvuta gurudumu kama uzito wa kilo 2 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huvuta kama kilo 8 na zaidi, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 katika kila sekunde. Yai moja la udongo! Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mtetemo katika nchi yetu ni kijiti na ndoo ya maji, na fundi asiyeanza hapo hajui kazi yake, hata awe na sanduku kubwa la spana.

Nimetaja mara 14, nami nataka mjue nimeipata wapi, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tairi la gari hili likizunguka mara moja husafiri mita 2 kasoro kidogo. Kwa kilomita 100 kwa saa gari huenda karibu mita 28 kila sekunde. Gawanya, utapata mizunguko 14. Lakini propela haizunguki mara 14. Ndani ya difu mna gia ndogo na gia kubwa. Baadhi ya difu za motakaa hii zina meno 10 katika ndogo na 39 katika kubwa, basi propela sharti izunguke karibu mara 4 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hesabu yake ni kama 55 kwa sekunde. Mtu aliyezoea kutazama mashindano ya ngoma za Wagalu na Wagika hahitaji kuona mkono wa mpigaji apate kujua ngoma ipi inapigwa. Ngoma ya polepole na ngoma ya upesi hazichanganyiki masikioni mwake. Gari nalo lina ngoma zake. Pigo la mara 14 kwa sekunde si sauti, ni mtikiso. Mwili huweza kusikia pigo moja moja, usukani ukicheza mkononi au kiti kikigonga mgongo. Pigo la mara 55 halihesabiki. Limekwisha kuwa mvumo mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya pipa, nao hufa ganzi nyayo za miguu. Siku hizi hata simu nyingi za mkononi zina chombo ndani yake cha kupima mtikiso, na ziko programu za kuandika mapigo kwa sekunde. Simu ikiwekwa sakafuni, namba 14 na namba 55 hutofautiana waziwazi.

Pamoja na hayo, namba peke yake yaweza kudanganya. Katika gia ya nne ya gari hili, propela na injini huzunguka sawasawa, zote mara 55 kwa mwendo ule tulioutaja. Basi mvumo ule ni wa propela au ni wa injini? Tena hafu shafti, kwa namna ya viungo vyake nitakavyoeleza, hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, yaani 28. Na injini ambayo silinda yake moja haiwaki hukosa pigo moja katika kila mizunguko miwili, na nusu ya 55 ni 27 na zaidi kidogo. Karibu zilingane! Fundi mwenye simu nzuri kuliko akili atafungua hafu shafti zote mbili, na kumbe plagi imekufa.

Kwa sababu hiyo gari sharti liulizwe. Maswali yenyewe ni machache, nayo huulizwa barabarani, mahali palipo wazi na pamenyoka, pasipo watu wala ng'ombe, mmoja akiendesha na mwingine akisikiliza na kuandika. Dereva aende mpaka mtetemo uwe mkali, na mwendo uandikwe. Kisha akanyage klachi, aweke nyutro, aache gari litembee lenyewe na injini ishuke. Asizime injini kamwe, maana nguvu ya breki yaweza kupungua na usukani waweza kufunga. Ikiwa mtetemo umekufa pale pale injini iliposhuka, chanzo chaelekea kuwa injini, au klachi, au kani inayopita njiani. Ikiwa mtetemo waendelea kama kwamba hakuna kilichofanyika, na wapungua tu kadiri gari linavyopunguza mwendo, basi injini imeachiliwa huru kama mshitakiwa asiye na shahidi. Mtafute mwenye kosa nyuma ya giaboksi. Jambo hili moja, ambalo halina gharama ila mafuta ya nusu saa, lingaliokoa injini nyingi zilizofunguliwa bure.

Kuthibitisha, arudie mwendo ule ule kwa gia ya tatu. Sasa injini huzunguka upesi zaidi ila propela na magurudumu hayakubadilika. Mtetemo ukija kwa mwendo ule ule wa gari, hauhusiani na injini. Ukija mapema, gari likiwa bado polepole, waifuata injini. Na gari likisimama, injini ikipandishwa mpaka mizunguko ile ile na mtetemo ukaja, basi hakuna haja ya kulala chini ya gari, fungua boneti.

Liko swali jingine ambalo watu wengi hulisahau, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote: je, mtetemo huja gari likivuta, au likiachiwa, au siku zote? Mwendo usibadilike sana. Dereva akanyage mafuta kwa nguvu, kisha aachie, kisha akanyage tena. Kitu kisicho na uzito sawa, kama gurudumu lenye udongo au propela iliyobonyea, hakijali kama mguu wa dereva umekanyaga au umeinuka. Kitetemekacho wakati wa kuvuta tu ni kitu kilichohama mahali pake kwa kuvutwa. Hapo fikiri raba zilizochanika na viungo vilivyolegea.

Ikiwa ni magurudumu, kuyajua ni rahisi. Usukani ukicheza, tazama ya mbele. Kiti kikicheza, tazama ya nyuma. Halafu badilisha, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama pamoja nayo, shauri limekwisha. Magari ya zamani yana ugonjwa wao wa peke yao hapa: gari lililosimama bandani miezi mingi juu ya tairi zile zile hupata tairi bapa upande mmoja, nalo hutetemeka hata kama uzito wake umelinganishwa vizuri. Tairi kuukuu haina dawa, hata kama meno yake ni mapya.

Sasa nije kwenye krosi, maana hapo pana elimu nzuri. Propela haiwezi kuwa chuma kimoja kigumu, kwa sababu giaboksi na difu haviko katika mstari ulionyoka, na raba zake huvifanya vicheze. Kwa hiyo kila mwisho wa propela pana kiungo: uma mbili zilizoshikana kwa chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha ya msalaba ina kofia yenye sindano ndogo za chuma na grisi. Wazungu hukiita kiungo hiki kwa jina la Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16, au kwa jina la Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17 aliyekichunguza. Ni chombo cha werevu, lakini kina ila moja. Kikipinda, hakizunguki kwa mwendo mmoja. Upande wa kwanza ukizunguka taratibu bila kubadilika, upande wa pili huharakisha kidogo, hupunguza kidogo, huharakisha tena, mara mbili katika kila mzunguko. Kikipinda digrii 3 tofauti hiyo ni ndogo mno, kama 1 katika 700. Kikipinda digrii 10 ni zaidi ya 1 katika 70, na kwa mizunguko 55 kila sekunde hilo ni kama kupiga difu nyundo mara 110 kwa sekunde.

Waliotengeneza gari waliijua ila hiyo, wakaiponya kwa kuweka krosi mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikiharakisha, ya nyuma hupunguza, na difu hupata mwendo ulio sawa. Lakini mapatano hayo yana masharti mawili. Uma za ncha mbili za propela sharti zielekee upande mmoja, na kupinda kwa mbele sharti kuwe sawa na kupinda kwa nyuma. Sharti la kwanza huvunjwa na mafundi. Malori mengi yana propela ya vipande viwili, yenye beringi katikati na meno ya kuteleza. Fundi huichomoa apate kubadilisha beringi, akairudisha ikiwa imekosea meno machache tu, na lori lililokwenda gereji likilia beringi hurudi likitetemeka mwili mzima. Mwenye lori husema beringi mpya ni mbovu. Alama moja ya rangi kabla ya kuchomoa, mstari wa kidole kimoja, ingalitosha.

Sharti la pili huvunjwa na raba. Turudi kwenye Datsun yetu. Difu lake, kama nilivyosema, limefungwa kwenye mwili wa gari: mbele limekalia raba, na nyuma limeshikwa na ubao wa chuma wenye umbo la masharubu, ambao nao una raba katika ncha zake. Gari linapovuta, pua ya difu hutaka kuinuka. Raba ya mbele ikichanika, pua huinuka kwelikweli, krosi ya nyuma hupinda tofauti na ya mbele, na mtetemo huja dereva akikanyaga, hutoweka akiachia. Pamoja nao huja mgongo mmoja mzito gari linapoondoka, "du!", kama mlango uliosukumwa na upepo. Dalili hizo mbili zikiwa pamoja, usinunue krosi. Tazama raba kwanza. Raba ya gari la mwaka 1971 ambayo haijabadilishwa imekwisha kuwa kama gamba la mti, na kwa tochi nyufa zake huonekana.

Kabla ya kuingia chini, usalama. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa magogo, na liwekwe juu ya stendi imara. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kulalia chini yake. Watu wamekufa kwa kutojua tofauti hiyo. Wala usidanganyike kwa kuendesha Datsun hii magurudumu ya nyuma yakiwa hewani upate kuona nini kinatetemeka. Magurudumu yakining'inia, hafu shafti hupinda kupita kiasi, nazo zitatetemeka hata zikiwa nzima. Gari litakuonyesha ugonjwa usiokuwako.

Shika propela kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa nyutro, uisukume juu na chini, kisha uizungushe huku na huku. Krosi nzima haichezi hata kwa unene wa karatasi. Tazama kofia zake: ungaunga mwekundu kama vumbi la matofali ukitoka pembeni, ndani grisi imekwisha na chuma chasaga chuma. Pitisha kiganja juu ya bomba la propela, uondoe udongo wote, utafute mahali palipobonyea kwa jiwe, na doa la mraba lililo safi ambapo kipande cha chuma cha kulinganisha uzito kilikuwa kimechomelewa na sasa kimeanguka. Nati nne za nyuma, zinazofunga propela kwenye difu, zijaribiwe kwa spana. Nati iliyolegea huonekana upuuzi, nayo hufanya kelele ya ubovu wa shilingi nyingi.

Krosi iliyolegea isiachwe mpaka pamba iishe kuuzwa. Ya nyuma ikikatika, propela huanguka na kuburutwa, gari husimama kwa kelele na hasara. Ya mbele ikikatika katika mwendo wa kasi, ncha ya propela hushuka na kuchoma ardhi mbele ya gari, na gari lenyewe, likiwa bado laenda mbele, laweza kuinuliwa juu ya chuma hicho kama mtu arukaye kwa mti mrefu. Ndiyo sababu magari mengi ya mashindano hufungwa pete ya chuma kuizunguka propela karibu na mwisho wake wa mbele, ikikatika isiguse ardhi. Kabla ya kukatika krosi hulia. Mlio wake wa kwanza ni kama ndege mdogo, "chwi, chwi, chwi", gari likiwa polepole, tena hasa likirudi nyuma. Mtoto aketiye nyuma ya gari huusikia mlio huo kabla ya dereva.

Ikiwa krosi ni nzima, raba ni nzima, nati zimekazwa, na mvumo wa 55 ungaliko, iko hila moja ya mafundi wa zamani ambayo mimi naipenda kwa kuwa haihitaji mashine. Fungua zile nati nne, geuza propela nusu mzunguko dhidi ya difu, uifunge tena, ukajaribu barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mara nyingine uzito wa propela na uzito wa kitako cha difu vilikuwa upande mmoja, na kwa kugeuza hupingana vikanyamaza. Isipotosha, chukua klipu mbili za chuma zile zinazokazwa juu ya mpira wa maji, uzifunge kuizunguka propela karibu na mwisho wa nyuma, vichwa vya skurubu vikiwa pamoja. Jaribu barabarani. Sogeza vichwa vyote viwili robo ya mzunguko, jaribu tena, mpaka upate upande ulio bora. Halafu vitenganishe kidogo kidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto, mpaka mvumo uwe mdogo kabisa. Ni kazi ya asubuhi nzima, lakini ni kupima uzito wa gramu chache kwa kutumia barabara badala ya mizani.

Na iko hali ambayo yote hayo hayatoshi, nayo ni ya Datsun za mwanzo hasa. Watu walionunua 240Z za kwanza walilalamika juu ya mtetemo kwa mwendo wa safari, na baadhi yao walibadilisha tairi, propela na krosi bila ya kupona. Ukitazama kutoka chini utaona sababu. Difu la magari yale lilifungwa mbele kidogo ya mstari wa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo hafu shafti hazikutoka moja kwa moja kwenda pembeni, bali zilielekea nyuma, na krosi zake zilipinda kila wakati, hata gari likiwa tupu katika lami nzuri. Katikati ya mwaka 1971 kiwanda kilirudisha difu nyuma kwa milimita 35, kiasi cha upana wa vidole viwili, na ule ubao wa masharubu ukatengenezwa upya, sasa ukiwa umepindwa. Hafu shafti zikanyooka zaidi. Ndiyo sababu mwenye 240Z ya kabla ya hapo, akisikia mapigo ya 28 yasiyokoma katika nyutro, magurudumu yakiwa safi na krosi zikiwa mpya, hutafuta ubao uliopindwa na vifungo vyake kutoka gari la baadaye, akalisogeza difu lake vidole viwili nyuma.